Msafara wa Kiboko na Nyanya za Pimbi

— Ngano, ngano!
— Njoo, tumeketi.
— Barabarani kuna nani?
— Kuna mwenye mbio.
— Nyuma yake kuna nini?
— Vumbi.
— Na mbele yake?
— Hatujui, tuambie.

Basi nitawaambia, Mungu akinijalia pumzi. Shule niliishia darasa la saba, na la saba lenyewe nililirudia, kwa hiyo msinidai maneno makubwa.

Hapo kale, si kale sana, wanyama walipokwisha kujifunza kuendesha, kulikuwa na barabara moja tu. Ilianza mtoni, ikapanda, ikashuka, ikaishia Mkwajuni kwenye gulio la Jumanne. Kila mwenye chombo alipita humo. Twiga aliendesha basi, kichwa kimetokea juu kwa tundu alilolikata kwenye paa. Ngiri alikuwa na pikipiki. Kobe alikuwa na lori la makaa lililozeeka kuliko yeye. Na Pimbi, yule mdogo asiye na mkia, alikuwa na guta, pikipiki ya magurudumu matatu yenye kitanda cha mizigo nyuma. Guta la Pimbi lilisema tuku-tuku-tuku. Likipanda mlima lilisema tuku, tuku, likapumzika kidogo, likasema tuku.

Siku moja Kiboko akauza majani yote ya ukingo wa mto, yake na ya jirani zake, akanunua gari la spoti. Jekundu. Milango miwili. Limelala chini kama kenge anayeota jua. Kiboko aliingia kwa kusukumwa: mkewe akasukuma, watoto wakasukuma, na alipokwisha kuingia tumbo lake lilikaa kwenye kiti chake na kwenye kiti cha abiria. Akatia moto. Ngrrrr. Akaondoka. Vuuuu.

Ndugu zangu, barabara nzima ilichanganyikiwa. Twiga aligeuza shingo atazame, na shingo ile ikishageuka si rahisi kuirudisha, basi likaingia kwenye mahindi ya watu. Ngiri akamfuata Kiboko ubavuni akipiga resi, ngee, ngee, akitaka washindane. Nyumbu waliokuwa wakivuka walisahau upande waliokuwa wakienda. Kobe peke yake hakugeuka. Alisema hilo si gari, ni ndala iliyopotelewa na mwenzake. Lakini hata Kobe alilitazama kwenye kioo.

Simlaumu. Gari la namna hiyo lilinipita mwaka fulani natoka kanisani, Neno bado liko moto kifuani, na kabla vumbi halijatua nilikuwa nimeshalitamani gari na kumchukia mwenyewe. Dhambi mbili kwa pumzi moja.

Kiboko alipoona anatazamwa, akashiba sifa. Siku ya pili akazitaka tena. Siku ya tatu sifa hazikumtosha, akataka na barabara. Upande wake akauchukua, upande wa wenzake akauchukua, na ukingo wa waenda kwa miguu akautia tairi. Akimkuta mtu mbele alipiga honi, piii, na maneno yake yalikuwa yale yale:

"Pisha. Barabara yangu, majani yako."

Akamkuta Ngiri. Piii. Barabara yangu, majani yako. Ngiri akaingia majanini. Vuuuu, Kiboko kapita.

Akamkuta Twiga na abiria arobaini. Piii. Barabara yangu, majani yako. Twiga na arobaini wake wakaingia majanini. Vuuuu, Kiboko kapita.

Akamkuta Pimbi na matenga manne ya nyanya. Piii. Barabara yangu, majani yako. Pimbi akaingia majanini, lakini guta halikuishia majanini, liliendelea hadi mtaroni, na nyanya zikasema pwata, pwata, pwata.

Hiyo ilikuwa Jumanne ya kwanza. Jumanne ya pili ikawa vile vile: piii, vuuuu, pwata.

Nyanya zile alikuwa akizipeleka kwa Mama Kanga, mwenye kibanda kikubwa kuliko vyote gulioni, na mnunuzi mwingine Pimbi hakuwa naye duniani. Shamba lake lote na tumbo la kila mtoto wake vilitegemea kibanda kile. Mama Kanga hakuwa mbaya. Ila wateja wake walikuja na vikapu vitupu na wakarudi na vikapu vitupu, Jumanne mbili mfululizo. Akamwita Pimbi pembeni.

"Mwanangu, pole nimekupa mara mbili, ya tatu sina. Jumanne ijayo jua likigusa bati la kibanda changu hujafika, nafasi yako nampa Nyani. Nyanya zake chachu, lakini zinafika."

Pimbi akarudi nyumbani. Akawaza njia nyingine, haikuwepo. Akawaza kuwahi, lakini Kiboko naye huwahi, maana sifa za asubuhi ndizo tamu. Akawaza kupigana, akajitazama, akaacha.

Jumanne ya tatu, kulipopambazuka, akapakia matenga manne. Lakini hakushika njia ya gulioni. Aliteremka mtoni, tuku-tuku-tuku, moja kwa moja mpaka kwa Kiboko, akamkuta analifuta gari kwa khanga ya mkewe.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Marahaba. Umekuja kulalamika?"

"Nimekuja kukupa pole."

Kiboko akaacha kufuta. "Pole ya nini?"

"Ya gari. Watu hawalioni."

Kiboko nusura ameze ile khanga. Pimbi akamweleza taratibu, kwa sauti ya mtu aliyefika msibani. Alisema gari ni zuri, hana ubishi, lakini mwendo wake ndio unaolificha. Linapita vuuuu, mtu akiinua macho anakuta vumbi. Jana tu Twiga alikuwa anauliza ni nini kile chekundu kinachopitaga pale, ni gari, au ni nyanya imemponyoka mtu.

"Twiga kasema nyanya?"

"Kasema nyanya, Bwana Mkubwa. Mimi niliumia."

Kiboko akakaa chini. Pimbi akamuuliza kama amewahi kumwona bwana harusi anapita. Kiboko akasema amemwona. Je, bwana harusi huenda mbio? Haendi mbio. Je, hutangulia mwenyewe? Hatangulii, kuna gari la tarumbeta mbele. Na wengine hufanyaje? Huweka kando, hutazama, tena hutazama mpaka wachoke. Kiboko alipofika hapo kwenye kutazama mpaka kuchoka, mate yakamdondoka.

"Nani atanitangulia mimi?"

Pimbi akatazama chini. Akasema kazi hiyo inataka chombo cha heshima, na guta lake limechakaa, tena leo lina mizigo ya shambani, afadhali atafutwe mwingine.

"Utatangulia wewe," Kiboko akasema. "Mimi nikisema, nimesema."

"Nitatii. Ila lipo sharti moja, nisipokwambia nitakuwa nimekukosea. Mkubwa hampiti anayemtangulia. Akimpita, watu watadhani anawahi chooni."

Wakaondoka. Pimbi akafunga kitambaa chekundu kwenye fimbo, akawasha taa, tuku-tuku-tuku. Kiboko nyuma yake, ngrrr, ngrrr, kama simba anayevutwa kwa kamba ya katani.

Na ninyi mnajua ilivyo huku kwetu. Chombo kikija kimewasha taa mchana, na nyuma yake gari la fahari linatambaa, dereva haulizi, anaweka kando. Huenda ni bwana harusi, huenda ni mheshimiwa, huenda ni maiti. Wote watatu hawabishiwi.

Wakamkuta Ngiri. Ngiri akaweka kando, akasimama wima. Akaona nyanya. Akaona Kiboko. Akaona tena nyanya. Akafungua mdomo, Pimbi akamkonyeza, akaufunga. Kiboko akapunga mkono kwa madaha. Walipopita, Ngiri akageuza pikipiki, akafuata nyuma.

Wakamkuta Kobe na lori la makaa. Kobe akaweka kando. Hakuuliza kitu, maana kwa umri wake ameshaona misafara mingi na mingi haikuwa na akili kuliko huu. Kiboko akapunga. Kobe naye akafuata nyuma.

Wakafika kwenye bonde, pale barabara imenyooka kama rula. Hapo mguu wa Kiboko ukaanza kuwasha. Akapiga honi, piii. Pimbi akaipokea kama salamu, akapunga. Piii tena. Kiboko akatoka kwenye mstari, pua ya gari jekundu ikafika sawa na gurudumu la guta, upepo wake ukayumbisha matenga. Nyanya moja ikaanguka, pwata. Na jua lilikuwa limeshapanda juu ya vichaka.

Pimbi akaomba kimoyomoyo. Mola wangu, nimesema uongo mwingi asubuhi hii, lakini watoto wangu hawajasema hata mmoja.

Akainua macho, akaona mbele basi la Twiga limeshawekwa kando, na abiria arobaini wamesimama majanini kama walivyozoea. Kiboko alikuwa amepandisha vioo na hakusikia kitu isipokuwa injini yake mwenyewe. Pimbi akawapaazia sauti:

"Mpigieni makofi, jamani. Akipigiwa hapiti."

Abiria wakatazamana. Halafu mama mmoja Swala, aliyekwisha kuchafuliwa gauni mara tatu na vumbi lile, akaanza. Pwa, pwa, pwa. Wengine wakadakia. Pwa-pwa-pwa, na vigelegele juu yake. Kiboko akaona mikono, akaona meno, akaona arobaini wanamtazama yeye, na kwa mbio zile makofi yatamwishia mara moja. Mguu ukajiinua wenyewe. Akapunguza. Akapunguza tena. Akarudi nyuma ya guta akakaa mahali pake, akipunga huku na huku mpaka bega likamuuma.

Twiga naye akaingia nyuma, abiria wake wanapiga makofi madirishani, na tangu hapo kila dereva waliyemkuta alijua dawa. Aliweka kando, akapiga makofi, akafuata nyuma. Mwenye kabichi alifuata. Mwenye kuku alifuata. Kila mguu wa Kiboko ulipotaka kuwasha, makofi yaliukuna. Tuku-tuku-tuku, ngrrr, pwa-pwa-pwa. Hakuna aliyeingia majanini.

Walipoingia gulioni jua lilikuwa limefika bati la kibanda cha jirani, na Nyani alikuwa amesimama mlangoni kwa Mama Kanga, tenga begani, anatabasamu. Pimbi akazima injini. Mama Kanga akafunua matenga, akabonyeza nyanya moja moja. Ngumu, nzima, hakuna hata yenye jeraha. Akamtazama Nyani. Nyani akasema yeye alikuwa anapita tu.

Kisha Mama Kanga akajifuta mikono, akamwendea Kiboko, ambaye alikuwa bado garini, ameshusha kioo, anangoja hotuba. Akapiga goti kidogo.

"Ahsante, baba. Mungu akuzidishie. Sijawahi kuona mwenye gari kama hili akakubali kusindikiza nyanya za mdogo wake."

Gulio zima likamgeukia Kiboko, hata kuku.

Kiboko akatazama mbele. Guta. Akatazama nyuma. Pikipiki, makaa, basi, kabichi, vyombo vimepangana mpaka kule bondeni, na katikati yao yeye. Ikamjia kidogo kidogo, kama maji yanavyoingia kwenye kiatu. Akitaka kunguruma, basi gulio zima litajua kwamba Kiboko aliburutwa na Pimbi kutoka mtoni mpaka Mkwajuni. Asiponguruma, yeye ni mfadhili. Akajiweka sawa kwenye viti vyake viwili.

"Nyanya zinataka ulinzi," akasema.

"Na Jumanne ijayo, baba?"

Mtu mmoja kule nyuma akaanza, pwa, pwa. Mwingine akadakia. Pwa-pwa-pwa, soko zima, na makofi ni matamu, jamani, hata mimi nayajua. Kiboko akajaribu kununa. Uso haukukubali.

"Jumanne ijayo," akasema, "asichelewe kunipitia."

Na Pimbi hakuchelewa. Jumanne ile, na iliyofuata, na zote zilizofuata, alimpitia Kiboko mtoni, akawasha taa, akaongoza msafara. Walaji wa Mkwajuni walikula nyanya nzima, watoto wa Pimbi wakanenepa mpaka wakafanana na mifuko, na barabara ikawa ya kila mtu.

Sasa funzo, maana ngano bila funzo ni mchuzi bila chumvi. Funzo la kwanza: mwenye mbio ndiye anayewahi kufika, kwa hiyo tujitahidi sote kupata magari ya kasi. La pili: anayekusukuma majanini mwache akusukume, majani ni mazuri kwa macho. La tatu na kubwa: uongo ni dhambi, hata ukiwa na matenga manne. Pimbi alikosa sana. Nimemwombea msamaha kwa Mungu, kwa magoti, kwa moyo wote, ingawa katikati ya sala nilicheka mara mbili, na ile ya pili nilicheka kwa makusudi. Naliungama hilo mbele yenu.

Ngano imefika stendi, nimezima injini. Tamu ni yenu, chungu ni yangu. Shukeni salama.