Kasuku Aliyemkaribisha Mwanaidi

Aokoaye hapigi hodi. Mmeisikia asubuhi, mmecheka, sasa mnataka kujua imetoka wapi. Haya, tulieni. Methali hii ilianza hivi.

Katika mji wetu wa zamani, ada ilikuwa mtu apige hodi mara tatu. Asipoitikiwa, aende zake. Kuvunja mlango wa mtu kulikuwa wizi, hapakuwa na mjadala. Bi Mwanaidi, mjane aliyeuza vitumbua nyumba kwa nyumba, aliijua ada hiyo vizuri, maana riziki yake ilikuwa milangoni mwa watu.

Siku moja akaona moshi ukitoka dirishani kwa Bwana Makame. Mwenyewe alikuwa shamba, jiko kaliacha na makaa. Ndani alikuwamo kasuku wake tu. Bi Mwanaidi akapiga hodi moja, ya pili hakuingoja. Akachukua mchi wa jirani, akavunja komeo, akamtoa ndege na tundu lake, machozi yakimchuruzika.

Makame aliporudi hakuuliza habari ya kasuku.

"Mlango wa babu yangu! Moshi ule ungekwisha wenyewe. Huyu mwizi!"

Wakapelekana kwa kadhi. Bi Mwanaidi aliogopa kwelikweli. Akishaitwa mwizi, nani atamfungulia tena?

"Ulipiga hodi?" kadhi akamuuliza.

"Nilipiga, bwana."

"Nani alikukaribisha?"

Akainamisha kichwa. "Kasuku."

Watu wakaangua kicheko. Makame akafoka, "Tangu lini ndege akawa mwenye nyumba?"

Kadhi akalisogelea tundu. "Hodi!"

"Karibu! Karibu ndani!" kasuku akajibu, akakohoa kama mzee wa ugoro.

Kicheko kikazidi, lakini kadhi hakucheka.

"Mama huyu kaponea ulimi wa ndege. Je, ndani angekuwamo paka? Tungemfunga mama huyu? Basi kesho watu watasimama nje na hodi zao, na mnyama afe wanamsikia. Sikubali. Kuanzia leo, anayeingia kuokoa kiumbe hadaiwi mlango, wala haitwi mwizi. Aokoaye hapigi hodi."

Makame akanywea. Mlango akautengeneza mwenyewe.

Kesho yake Bi Mwanaidi akafika pale na sinia lake la vitumbua. Akapiga hodi ya kwanza, ya pili, na ya tatu, akangoja nje mpaka Makame alipomwitikia, maana siku hiyo hapakuwa na moshi.

Ndiyo maana tunasema, wanangu: aokoaye hapigi hodi.