Jina la Mtoto wa Akonaay

Sogeeni karibu, na mwenye simu aizime. Nina kisa kinachoninyima raha, na leo nataka tugawane, na nyie mkose usingizi kidogo. Sharti langu ni moja tu: msinijibu haraka haraka. Niliowahadithia mara ya mwisho walijibu kabla sijamaliza, wakaenda kugombana njiani.

Katika kijiji kimoja cha milimani kule Mbulu walikuwako watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Lohay, kijana wa mbio, alijua kumfundisha kukimbia hata mtu ambaye hajawahi kuikimbia mvua. Boay, seremala, alijua kupika, na wanaume wenzake walimcheka kwa hilo. Na Tekla, jirani yao, alijua kutukana. Msicheke. Kutukana nako ni kipaji, na Tekla alijua neno gani la kumwambia nani, na limwingie wapi.

Sasa Akonaay, mwenye mkasa. Akonaay aliugua figo, zote mbili. Kila mara ilibidi apelekwe mjini kusafishwa damu, na akirudi hana nguvu hata ya kushika kikombe. Mkewe alikuwa mjamzito. Madaktari wakasema mgonjwa anahitaji figo ya ndugu, na ndugu aliyefaa akawa mmoja tu: dada yake Yasinta, mke wa huyo huyo Boay. Yasinta akawaambia chukueni hata leo. Daktari akampandisha kwenye mizani, akampima presha, akamwambia kwa upole kwamba kwa unene ule wakimpasua wanaweza kuwapoteza wote wawili. Akapunguze mwili kwanza, tena asichelewe, maana kaka yake hana muda mrefu.

Yasinta akaanza kukimbia peke yake, na akakosea kama wengi wetu tunavyokosea. Alivaa masweta mawili, akajifunga nailoni tumboni ili jasho limtoke, akiamini jasho ndiyo mafuta yanayoyeyuka. Anatoka nyumbani kwa kasi kama anafukuzwa na nyuki, akifika darajani pumzi imekwisha, anarudi akijikokota. Nyumbani anajipongeza kwa chai ya maziwa yenye sukari tele na chapati. Aliporudi hospitali, mizani ikasema ameongezeka. Alilia pale pale mbele ya manesi, wala hakujificha.

Lohay ndiye aliyemsimamisha barabarani akamfungua ile nailoni.

"Jasho ni maji tu, mama. Ukinywa, linarudi. Mafuta yanataka uende polepole, uende mbali, na kesho uende tena."

Akamfundisha kukimbia kwa mwendo ambao mtu anaweza kuongea bila kuhema. Mwili ulipozoea, akamwongezea: toka nguzo hii ya umeme hadi ile pale, mbio kweli kweli, nguzo inayofuata, mwendo wa pole, halafu mbio tena, hivyo hivyo mpaka kanisani. Kasi ikaja, na nguo zikaanza kumpwaya. Lakini mkimbiaji anayetumia asubuhi zake zote kumsindikiza mtu mzito hupoteza mwendo wake mwenyewe, na jioni Lohay alikuwa shambani kwa mama yake. Ulipofika mchujo wa timu ya taifa, akaachwa. Vijana aliokuwa akiwashinda kila siku wakaenda, yeye akabaki anawaaga.

Na mbio bila jiko ni kazi bure, mwenye kitambi yeyote hapa anajua. Boay akamnyang'anya mkewe sufuria. Akampikia mboga za majani bila mafuta, maharage, ugali wa kiasi, na chai ya rangi isiyo na sukari. Wanaume wakamwita mama Boay, akaendelea kupika. Hilo halikumuuma. Kilichomuuma ni kwamba hakutaka mkewe apasuliwe. Walikuwa wameshamzika mtoto wao wa pekee, na sasa mke huyo ndiye aliyebaki, na kila sahani aliyoipakua ilimsogeza kwenye kisu. Kijiko kimoja cha mafuta, kwa siri, kila chakula, kingetosha asipungue, na hakuna ambaye angejua. Boay hakukitia.

Haya, Tekla. Nyumba ya Tekla iko juu ya kilima, na kilima kile kilimshinda Yasinta kila siku. Wanawake hawa hawakupatana tangu walipogombea mpaka wa shamba. Basi kila asubuhi Tekla alisimama nje na ufagio wake, akimwita gunia, akimwita kiboko, akimuuliza kama barabara imelipiwa bima. Yasinta akipandwa na hasira, anakaza mwendo ili apite asimsikie. Hasira nayo ikamsaidia kwa muda, kisha ikamwishia. Asubuhi moja aliketi chini akavua viatu, akasema basi, nimeshindwa, mwambieni kaka anisamehe. Lohay akambembeleza mpaka maneno yakamkauka. Ndipo Tekla aliposhuka hadi barabarani, na safari hii hakupaza sauti.

"Keti tu. Wewe umezoea kuzika. Ulimzika mwanao, sasa utamzika na kaka yako."

Yasinta akainuka peku. Alipanda kilima kile akilia kwa sauti, hakusimama hadi kanisani, na tangu siku ile hakuketi tena njiani. Na hajamsemesha Tekla hadi leo.

Mizani ikakubali. Wakapasuliwa, kaka na dada, wakapona wote wawili. Akonaay akarudi nyumbani kwa miguu yake, na mkewe akajifungua mtoto wa kike.

Na hapa ndipo penye kazi. Desturi ya kwao ni hii: mtu akiponea chupuchupu, mtoto wake anayezaliwa baada ya hapo hupewa jina la aliyemwokoa, awe mwanamume au mwanamke. Jina moja tu, na wengine wanajua hawakuhesabiwa. Ndugu wa damu hapewi, kwani ndugu kumwokoa ndugu ni wajibu, hakushukuriwi. Basi Yasinta aliyetoa figo hana fungu, ila Akonaay alimwekea mtoto mikononi mbele ya watu wote waliokusanyika uani kwake, akamwambia, "Mtaje wewe, dada. Wewe ndiye unayejua nani alikufikisha."

Lohay hakuona haya. Alisema hana medali wala timu, na jina hilo peke yake ndilo litakaloonyesha kwamba msimu wake haukupotea bure. Boay akasema yeye asipewe, maana kila akisikia mtoto anaitwa atakumbuka alivyompikia mkewe kisu. Aliyasema hayo machozi yakimtoka, na wengi uani wakanong'ona kwamba anayekataa ndiye anayestahili. Tekla hakualikwa, alikuwa amesimama nje ya ua. Akonaay akamuuliza mbele ya wote: maneno yale, uliyasema kumsaidia dada yangu au kumuumiza?

Tekla akasogea hadi mlangoni pa ua.

"Hata mimi najiuliza," akasema. "Ninachojua ni kwamba aliinuka."

Yasinta alijua kwamba bila Lohay angekuwa bado anajifunga nailoni. Bila Boay angekuwa bado anapanda na kushuka kwenye mizani ile ile. Na bila Tekla angekuwa bado ameketi pale chini ya kilima, na kaka yake yuko kaburini. Alijua pia kwamba jina atakalolitaja ndilo atakalombembelezea mtoto huyu maisha yake yote. Akimtaja Tekla, atakuwa anabembeleza kwa jina la mdomo ulioligusa kaburi la mwanawe. Asipomtaja, atakuwa amedanganya mbele ya kaka anayepumua. Akafungua kinywa, akamtazama mumewe, akamtazama Lohay, akatazama nje ya ua, akakifunga. Mtoto akaanza kulia, na mle uani hakuna aliyejua amwiteje ili anyamaze.

Haya, wewe uliyekuwa unatikisa kichwa tangu mwanzo kana kwamba ni rahisi. Nyoosha mikono, umpokee, bado analia. Unamwita nani?