Vidaka vya Mwanajaha

Paukwa.

— Pakawa.

Pakawa nini?

— Pakawa nyumba.

Nyumba ya nani?

— Ufunguo unao wewe, tufungulie.

Haya, nawafungulia. Ingieni kwa mguu wa kulia, na mwenye tope alifute nje.

Hapo kale, katika mji wa mawe, mji wa vichochoro vyembamba na milango minene, palikuwa na mwanamke jina lake Mwanajaha. Kazi yake kupika halua. Alikoroga, akakoroga, akakoroga, mpaka mkono wake ukawa mgumu kama mwiko wenyewe, na halua yake ikapendwa na kila mwenye jino na asiye na jino. Katika kukoroga huko akajenga nyumba.

Si nyumba ya kubabaisha, jamani. Nyumba ya kikale, ya ghorofa, kama walivyojenga wakubwa wa zamani. Mlango wa nakshi. Boriti za mikoko zilizopakwa rangi nyekundu na nyeusi. Sebule ya wanaume chini, ukumbi wa wanawake juu. Na ukumbini, ukuta mzima wa vidaka. Mnavijua vidaka?

— Tunavijua.

Mwajua wapi nyie, mmezaliwa kwenye kuta za bati. Vidaka ni vile vijumba vidogo vinavyochongwa ukutani, vimepangana safu juu ya safu, vimezungushiwa maua ya chokaa. Katika kila kidaka hukaa sahani ya kale, na huo ndio uso wa nyumba. Mgeni akiingia haulizi wewe ni mtoto wa nani. Hutazama ukuta.

Mwanajaha aliupamba ukumbi wake kwa mikono yake. Akatandika mabusati. Akapanga mito ya hariri. Akaweka kiti cha mpingo chenye mgongo mrefu, kiti cha mtu mmoja tu. Akasimama mlangoni, akautazama, kifua kikajaa. Akasema, "Mama, njoo uone."

Mama yake, Bi Mize, alikuwa ajuza sasa. Maisha yake yote alikuwa mwosha vyombo katika Nyumba ya Juu, nyumba kubwa kuliko zote mjini. Aliosha sahani za ukumbini, lakini ukumbini kwenyewe hakukaa hata siku moja. Akija kuchukua vyombo, huvichukua mlangoni.

Bi Mize akachungulia, akatabasamu. "Pazuri, mwanangu. Lakini vidaka ni vitupu."

Ndipo ulipo mkasa wetu. Mpo?

— Tupo.

Mwanajaha alikuwa na binti, Asumini, na Asumini alikuwa ameposwa na Swaleh, kijana wa Nyumba ya Juu. Walipendana, hilo halina mjadala. Na desturi ya mji huo, mume huhamia nyumbani kwa mke. Lakini Swaleh alikuwa na shangazi. Ah, shangazi huyo. Bi Ghaniya, pua juu, makubadhi ya ngozi miguuni, na neno lake likitoka halirudi.

Bi Ghaniya akaja kuitazama nyumba, na wanawake wa mji nyuma yake. Akapita sebuleni, asisimame. Akapanda ukumbini, asikae. Akafika kwenye ukuta, akatia kidole ndani ya kidaka kitupu, akakitoa, akakitazama.

"Vumbi la chokaa," akasema. "Mwanajaha, ukuta wako ni kinywa kisicho na meno. Mtoto wetu hawezi kukaa humu. Nawaambia, na nyinyi nyote mnisikie. Siku nitakapoiona sahani ya Nyumba ya Juu katika ukuta huu, siku hiyo nitavua makubadhi, nitakaa mkekani, na Swaleh ataoa. Kabla ya siku hiyo siukanyagi tena mlango huu."

Akashuka ngazi akicheka, maana alijua hakuna mtu atakayetoa sahani ya Nyumba ya Juu.

Mwanajaha akatoka kutafuta sahani. Kama hatapata ya Nyumba ya Juu, atapata hata za nyumba nyingine, akazungumze na wazee wa kijana. Akaenda nyumba ya kwanza. "Hodi." "Karibu, lakini Bi Ghaniya amekutangulia, ametukataza." Akaenda nyumba ya pili. "Hodi." "Karibu, lakini Bi Ghaniya amekutangulia, ametukataza." Akaenda nyumba ya tatu. Hapo hata karibu hakuambiwa.

Akarudi, akaketi jikoni karibu na sufuria yake. Asumini alikuwa amelia mpaka macho yamevimba. Mwanajaha aliona uchungu wa kweli, si kwa ajili ya ukuta, kwa ajili ya mtoto. Akasema, "Nimejenga kila kitu, mama, nimeshindwa kununua heshima."

Bi Mize akainuka polepole. Akaenda chumbani, akaliburuta sanduku lake. Sanduku hilo kila mtu alidhani lina sanda, kwa jinsi alivyolificha. Akalifungua.

Halikuwa na sanda. Lilikuwa na vipande. Vipande vya sahani, vimeoshwa, vimekaushwa, vimefungwa kwa kanga kuukuu, kila sahani kanga yake.

"Harusi ya Nyumba ya Juu ilivunja sahani ya samaki wa buluu," akasema Bi Mize. "Bi Ghaniya akaniambia, Mize, katupe. Nikasema, nitatupa, bibi. Idi ikavunja ya ukingo wa kijani. Mize, katupe. Nitatupa, bibi. Maulidi yakavunja bakuli la mawaridi. Mize, katupe. Nitatupa, bibi. Na nyingine, na nyingine. Nilikuwa nimeziosha kila siku, mwanangu. Mkono haukukubali kuzitupa."

Wahenga walisema akiba haiozi. Hawakusema kama imepasuka.

Mwanajaha akamwita fundi wa chokaa. Fundi akakuna kichwa. "Kipande hakisimami kidakani, mama."

"Hakisimami," akasema Mwanajaha, "kinalala. Paka chokaa mbichi mgongoni mwa kidaka, tuzipange sahani humo, kipande kwa kipande, mpaka kila moja irudi umbo lake."

Wakapanga. Bi Mize akakaa sakafuni akiwaonyesha kipi kinafuata kipi, maana vidole vyake vilizijua sahani zile kuliko macho ya mtu mwingine. Chokaa ilipokauka, sahani zikasimama nzima, na mistari myeupe imepita kati ya vipande kama mishipa ya jani. Wallahi zilikuwa nzuri kuliko zilipokuwa mpya.

Lakini sasa jamani, Bi Ghaniya ameapa haukanyagi mlango. Sahani asiyoiona haimfungi. Mtu aliyeapa haji kwa kualikwa. Huja kwa nini?

— Huja kwa nini?

Huja kwa kucheka.

Jirani yao alikuwa mwanamke jina lake Mashavu, na sikio lake liliishi juu ya ukuta wa watu. Mwanajaha akatoka uani, akapaza sauti: "Asumini, nenda shambani ukaniokotee vidaka. Nataka vidaka vyangu vijae vidaka."

Mnajua kwamba kidaka pia ni kile kijinazi kichanga kinachoanguka mnazini kabla hakijawa kitale, wala dafu, wala koroma, wala nazi. Hakiliwi, hakikunwi, hakikamuliwi. Watoto hukichezea, basi. Asumini akarudi na kapu limejaa, akapita nalo mlangoni kwa Mashavu, akaangusha kimoja, akaangusha cha pili, akaangusha cha tatu.

Mashavu hakuvaa hata kanga ya pili. Mbio mpaka Nyumba ya Juu. "Bi Ghaniya, masikini amechanganyikiwa. Amejaza vidaka kwa vidaka. Vya mnazi."

Bi Ghaniya akacheka mpaka mtandio ukamdondoka. "Mchagua nazi hupata koroma," akasema. "Huyu hata koroma hakupata. Waiteni wote, twende tukaone."

Kiapo? Kicheko kilimsahaulisha kiapo.

Wakaja, watu wa kujaza ukumbi. Hodi, karibu. Wakapanda ngazi wamefunika vinywa. Bi Ghaniya akaingia wa kwanza, kicheko kimekaa tayari kwenye meno. Akainua macho ukutani.

Kicheko hakikutoka.

Akasogea. Akanyoosha kidole. "Hii... hii ina samaki wa buluu. Humu tulikula wali wa harusi ya dada yangu."

"Ya nani hiyo, shangazi?" akauliza Mwanajaha kwa upole.

"Yetu."

Akasogea tena. "Na hii ya ukingo wa kijani. Ya Idi."

"Ya nani, shangazi?"

"Yetu, nakwambia."

Akafika katikati, sauti ikapanda. "Na bakuli la mawaridi la marehemu mama yangu. Hili ni letu. Zote ni zetu. Hakuna ukuta wenye sahani kama hizi isipokuwa wa Nyumba ya Juu."

"Mna hakika, shangazi? Isije ikawa mmezifananisha."

"Nizifananishe mimi? Nimekula ndani yake tangu utotoni."

Mwanamke mmoja nyuma akakohoa. Mwingine akasema taratibu, "Bi Ghaniya, makubadhi."

Hapo ndipo alipolikumbuka neno lake. Heri kujikwaa guu kuliko kujikwaa ulimi. Uso ukamwiva, akatafuta pa kutokea. "Zimeibwa," akasema. "Nani aliziiba nyumbani kwangu?"

Mwanajaha akaenda chumbani, akarudi amemshika mkono Bi Mize, mwosha vyombo, amevaa kanga mpya, ananukia udi. Akampitisha kati ya wale wanawake wote, akamkalisha kwenye kiti cha mpingo, kiti cha mtu mmoja tu. Miguu yake haikufika chini. Asumini akaiwekea mto.

Bi Mize akamtazama Bi Ghaniya, akasema kwa sauti ileile aliyomjibia miaka yote, "Sikuiba, bibi. Uliniambia, katupe. Nikasema, nitatupa. Hukuniuliza wapi."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, hata Bi Ghaniya kikamponyoka. Akainama, akavua kubadhi la kulia. Akavua la kushoto. Akakaa mkekani. "Swaleh ataoa," akasema, na neno lake, nimewaambia, likitoka halirudi.

Mashavu peke yake alikuwa bado anatafutatafuta. "Na vidaka je? Niliviona kwa macho yangu."

Mwanajaha akamwonyesha kidaka cha mwisho, kile kidogo kando ya mlango. Ndani yake kimekaa kijinazi kimoja kichanga. "Mimi sisemi uongo," akasema.

Halua ikaletwa, kahawa ikamiminwa. Mwanajaha akasimama mlangoni tena, pale aliposimama siku ile, akautazama ukumbi wake. Vidaka vimejaa. Wageni wamejaa. Na kitini mama yake ameshika kikombe kwa mikono miwili, anakunywa polepole, kwa mara ya kwanza ukumbini, kikombe ambacho hatakiosha yeye.

Ngano yangu imefika ukutani, haina pa kupita. Ikiwa nzima, ipangeni vidakani mwenu. Ikiwa imevunjika?

— Tutaiokota.

Basi nami nafunga mlango wa nakshi. Mliovua viatu, vaeni.