Aliyecheza kwa Jina la Shija

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, kwa maana redio zilikuwa zimeshaanza kutangaza mpira wa watoto kama wa wakubwa, palikuwa na mama mjane na wanawe wawili. Mkubwa Kashindye, mdogo Shija. Shija alikufa kwa homa akiwa na miaka tisa. Kashindye akakua, na mguu wake wa kushoto ukawa habari ya wilaya nzima.

Lakini bahati ilimjia imechelewa. Kocha Mtengeti, wa timu ya taifa ya vijana wa chini ya miaka kumi na saba, alipopita kule akitafuta wachezaji, Kashindye alikuwa ametimiza kumi na tisa.

Kocha alimwona akifunga mabao matatu, akamwita pembeni. "Kalete cheti cha kuzaliwa." Hakusema cheti chako.

Kashindye akarudi nyumbani, akaketi jikoni, akamweleza mama. Mama hakuuliza mara mbili. Akafungua sanduku la bati, akatoa cheti cha Shija, ambaye angekuwa hai angekuwa na kumi na sita.

"Mwenzio hana kazi nacho tena," alisema, sauti ikimkatika. "Nimezika mmoja, baba. Wa pili sitaki azeeke na jembe mkononi na hali Mungu kampa mguu."

Basi kambini akaitwa Shija, akaitika. Kwenye ndege ya kwenda mashindanoni akaitwa Shija, akaitika. Alipofunga bao, uwanja mzima ukaimba Shija, naye akainua mikono, na mwili ukamsisimka kama mtu aliyekanyaga kaburi.

Alikuwa chumba kimoja na golikipa, Zahoro, ambaye miaka yake kumi na sita ilikuwa ya kweli. Siku moja Zahoro akamfuma bafuni akinyoa ndevu.

"Kaka, hivi wewe una miaka mingapi?"

Kashindye akaweka wembe chini. Akamweleza yote. Zahoro akasema, "Sijasikia kitu." Kombe hata yeye alilitaka.

Wakafika nusu fainali. Wakashinda mawili kwa moja, yote mawili ya Kashindye. Walioshindwa wakakata rufaa kwamba mfungaji amezidi umri, na kamati ya mashindano ikakaa.

Ikamwuliza kocha: "Huyu ni Shija?" Kocha akasema, "Ndiye."

Ikampigia mama simu: "Huyu ni Shija?" Mama akasema, "Ni mwanangu."

Ikamwuliza mwenyewe: "Wewe ni Shija?" Kashindye akasema, "Ndimi."

Ikamwita Zahoro, ikamshikisha msahafu. Akasema, "Shija alikufa."

Timu ikatolewa mashindanoni, ikafungiwa miaka miwili pamoja na wachezaji wake wote. Watoto ishirini wenye umri halali wakashuka uwanja wa ndege wasipokewe na mtu. Miaka miwili ikiisha, hakuna hata mmoja wao atakayekuwa bado chini ya kumi na saba.

Wiki iliyofuata kocha alikuja na barua kwa mama na Kashindye, Zahoro nyuma yake. Barua ilisema Shija amefungiwa maisha.

"Yuko chini ya udongo," mama akalia. "Wanamfungia nini tena?"

"Wameandika jina lililosajiliwa," kocha akajibu, macho chini. "Kashindye hayumo. Tena kuna klabu ya mjini inamtaka, kwa jina lake halisi. Fomu yao hii hapa."

Zahoro akaruka. "Yaani yeye acheze, sisi tukae! Mama, wewe ndiye uliyetoa cheti!"

"Nilitoa karatasi," mama akasema. "Mtoto sikumpanga mimi uwanjani. Kocha alikuwa na macho."

"Macho ninayo," kocha akasema. "Nami niliambiwa na wakubwa, kombe au kazi yako. Lakini mimi sikuwahi kuambiwa ukweli. Zahoro aliambiwa, akakaa nao mwezi mzima. Angesema mapema ningemwacha mmoja, wasingeumia ishirini."

"Nilinyamaza kwa ajili ya rafiki," Zahoro akasema. "Nikasema kwa ajili ya Mungu. Nimekosa kote kuwili? Aliyevaa jezi si mimi!"

Wote wakamgeukia Kashindye. Alitaka kusema kwamba mpira aliupiga kwa mguu wake mwenyewe, hakuuazima kwa mtu. Akamtazama Zahoro, akaona mtoto kweli, mashavu hayajaota hata unywele. Akanyoosha mkono, akapokea fomu ya klabu.

Haya, ninyi mlionisikiliza. Mama alitoa, kocha akafumba, Zahoro akaficha kisha akafichua, Kashindye akavaa. Watoto ishirini wamekaa majumbani kwao, na kila mmoja ana wake anayemlaani. Je, nani kati ya hao wanne aliwanyang'anya mpira wao?