Hodi ya Kiboko Kambini kwa Mwanamvua

Paukwa!

(Pakawa!)

Sauti gani hiyo? Mmekula au mmefunga? Paukwa!

(Pakawaaa!)

Kapakawa nini?

(Sema wewe!)

Kapakawa nyumba mbili, moja ina magurudumu, moja ina ute. Haya, nyamazeni. Na wewe unayetafuna karanga huko nyuma, tafuna kwa adabu.

Alikuwepo Kiboko. Kiangazi kimoja bwawa lake lilipungua maji, likaanza kunuka, naye akasema, "Mimi sikai hapa. Naenda kupiga kambi kwenye vilima vya kusini, kule wanakokwenda wenye nafasi zao." Akajitengenezea nyumba ya magurudumu. Si mchezo! Ina kitanda, ina jiko, ina pazia la maua, na mlangoni ina ngazi ya kupandia. Akamfunga Punda mbele aivute.

Na alikuwepo Konokono, jina lake Mwanamvua. Yeye nyumba anayo tangu kuzaliwa, kaibeba mgongoni, haina kitanda wala pazia. Lakini alikuwa na mayai tumboni, na konokono hatagi popote tu. Anataka udongo laini, wenye unyevu. Pale bwawani udongo wa ukingoni ulikuwa umekauka kau, jembe halipiti. Asipopata unyevu upesi, mayai yangeharibika yote. Maskini, alikuwa na hofu kweli.

Akamwendea Kiboko. "Shikamoo, mzee. Naomba lifti mpaka vilimani."

"Umepiga hodi?"

"Mzee, si uko hapa nje?"

"Nyumba ni nyumba, hata iwe na magurudumu! Na ua wangu unaishia pale hodi isiposikika. Ukiwa panaposikika hodi, umo uani kwangu. Toka!"

Mwanamvua akatoka mbele, akazunguka nyuma, akajibandika chini ya ngazi, ndi! Punda alimwona. Punda akajifanya anafukuza nzi.

Safari ikaanza. Kwiri-kwiri-kwiri, magurudumu. Kwiri-kwiri-kwiri.

Wakafika Kambi ya Majabali. Ukisimama pale unaona mpaka nchi ya watu. Kiboko akashuka, akakalia jiwe. Chwaa! Matako yakaungua.

"Hapa hapafai!" akafoka Kiboko.

Mwanamvua akapapasa chini, akakuta jiwe tupu. "Hapa hapafai," akanong'ona.

Kwiri-kwiri-kwiri.

Wakafika Kambi ya Migombani. Kivuli kizuri, ndizi mbivu zinaning'inia. Lakini tumbili walikuwa wameshapiga kambi pale na wake zao na watoto wao. Kiboko akasimama mlangoni kwake.

"Hodiii! Mmesikia?"

"Tumesikia, mzee."

"Basi mko uani kwangu. Tokeni!"

Tumbili wakahamia ng'ambo ya kijito.

"Hodiii! Mmesikia?"

"Kidogo tu, mzee."

"Kidogo nako ni kusikia. Tokeni!"

Wakahama, watoto migongoni, wengine wanalia. Kiboko akala ndizi, akala, akala. Zilizomshinda akazisukumia ndani ya nyumba yake, mikungu kumi na miwili. Punda, ambaye tangu asubuhi hajatia kitu mdomoni, akaja mlangoni.

"Hodi, bwana mkubwa."

"Sikukaribishi."

Basi Punda hakuingia. Adabu ni adabu.

Mwanamvua naye alikuwa ameshaanza kuchimba chini ya mgomba mmoja. Mara Kiboko, tumbo limemjaa, akajibwaga papo hapo alale. Buu! Mwanamvua akakimbia. Mnacheka nini? Konokono hukimbia sana, nyinyi tu ndio hamna subira ya kumtazama. Akarudi chini ya ngazi, akajibandika tena.

Ndizi za mgombani zilipokwisha, Kiboko akasema, "Hapa hapafai!"

Kwiri-kwiri-kwiri.

Wakafika Kambi ya Chemchemi. Loo! Maji yanadondoka mwambani, to, to, to. Majani mabichi, udongo laini kama uji wa mgonjwa. Magurudumu hayajasimama, Mwanamvua akajiachia. Pwa! Akajikita katikati ya uwanja, nusu ndani ya udongo, nusu nje.

Kiboko akashuka, akavuta hewa. "Hapa panafaa! Hapa pote pangu!" Akainua mguu akanyage.

"Taratibu, mzee!" Sauti ndogo hiyo, inatoka chini. "Utaingia nyumbani kwa mtu bila hodi?"

Kiboko akainama. "Nyumba gani? Kifuu hiki?"

"Nyumba ni nyumba, mzee, hata ikose magurudumu."

"Nitakukanyaga wewe na kifuu chako!"

Punda akakohoa. "Kanyaga tu, bwana mkubwa," akasema, huku ukwato mmoja umeshapanda ngazi ya Kiboko. "Kumbe siku hizi watu wanaingia bila hodi. Sikuwa na habari." Akapandisha ukwato wa pili. Ndizi zinanukia mpaka nje.

Kiboko akaikumbuka mikungu yake kumi na miwili. Jasho likamtoka. Mguu ukarudi chini polepole, ukatua pembeni.

"Hodi," akasema kwa hasira.

"Sisikii, mzee. Nyumba yangu ina kona nyingi."

Kiboko akajaza kifua. "HODIIII!"

Vilima vikapokea. Hodiii... hodii... hodi...

"Sasa umesikia?"

"Nimesikia mimi, na kilima kile kimesikia, na kile cha nyuma yake kimesikia. Kumbe ua wangu mkubwa hivi! Ahsante, mzee, kwa kunipimia."

Akaingia ndani, akaziba mlango kwa ute. Nda!

Kiboko akapiga hodi ya pili. Kimya. Akapiga ya tatu. Kimya. Na mnajua wenyewe, hodi tatu bila karibu, mtu hugeuza.

Kiboko akageuza. Kwiri-kwiri-kwiri. Alipovuka kilima cha kwanza akasimama. "Hapa nimeshatoka uani kwake. Hodiii!" Vilima vikajibu, hodii... hodi...

"Bado tumo uani kwa watu," akasema Punda.

Kwiri-kwiri-kwiri. Wakavuka kilima cha pili. "Hodiii!" Hodii... hodi...

"Bado tumo uani kwa watu."

Wakaenda hivyo siku mbili, mpaka mahali ambapo hakuna kilima cha kujibu. Kiboko akapiga hodi, ikapotea. Akafurahi! Akageuka atazame kambi yake mpya. Ni lile bwawa lake, linanuka vilevile. Akalia kwa aibu, akatumbukia majini mpaka masikioni.

Punda akabaki na nyumba. "Hodi?" akauliza mlangoni. Akangoja kidogo. "Karibu," akajijibu mwenyewe, akaingia, akafunga pazia.

Huko chemchemini Mwanamvua alitaga mayai yake kwa raha, na yakaanguliwa yote, kila mtoto na nyumba yake mgongoni. Mpaka leo ukimpigia konokono hodi, anaingia ndani na kufunga. Na mpaka leo Kiboko yuko majini, masikio tu ndiyo yako nje, anasikiliza kama kuna mtu amesema karibu.

Sasa funzo. Wanangu, shikeni adabu, pigeni hodi kila mahali. Mwenye adabu hufika mbali. Si mmemwona Kiboko alivyofika mbali?

Hadithi nimeifungia mlango. Kama ni tamu ondokeni nayo, kama ni chungu iacheni ngazini. Na siku mkija kwangu mkapiga hodi tatu, nikanyamaza, mjue nimo ndani nakula karanga.