Kichwa cha Bwana Shekiondo

Bwana Shekiondo, tajiri wa mashine za kusaga na mwenye kiwanja cha soko, alijichongea sanamu yake mwenyewe, akaisimamisha katikati ya soko na kuwakabidhi watu wa mji. Mvua za masika ziliponyesha, pua ikadondoka. Akamwita Bi Mwanahawa, mshona kofia ambaye ndiye msemaji wa wachuuzi.

"Sanamu ni yenu, kwa hiyo na matunzo ni yenu, miaka yote. Mkishindwa, mhame kiwanjani kwangu."

"Hakuna neno, bwana," akajibu Bi Mwanahawa.

Kesho yake Shekiondo alimkuta chini ya sanamu akimpima kichwa Bwana Mbwambo, hasimu wake mkubwa wa biashara. Mbwambo alipoondoka, Bi Mwanahawa akapanda ngazi na utepe wake, akakipima na kile kichwa cha jiwe.

"Unafanya nini, Bi Mwanahawa?"

"Nalinganisha, bwana. Chake kidogo kuliko hiki."

"Na mwili je?"

"Mwili hauna kasoro, bwana. Sina kazi nao."

"Mbwambo amekubali kulipa?"

"Ameshalipa. Wala hakubishana."

Jioni hiyohiyo, mbele ya soko zima, Shekiondo alitoa mashine moja ya kusaga, mapato yake yatunze sanamu daima, mradi kichwa kisibadilishwe.

Ijumaa Mbwambo akaja kuchukua kofia yake. Ilimkaa vizuri.

"Siku ile mbona ulilipima na lile jiwe?" akauliza.

"Huyo naye mteja," akasema Bi Mwanahawa. "Amelipa vizuri, ila kofia hakuchukua."