Kurasa Sabini na Mbili za Nasemba

Aliyebanwa hana jina, mpe ukuta umjue. Niliwaona jana uwanjani mkitazamana kocha wenu alipoisema, na leo mmenijia mbio kana kwamba methali zote nimezifungia kabatini kwangu. Haya, kaeni. Wewe mwenye simu, iweke mfukoni. Methali hii haikutoka mbali. Ilizaliwa hapa hapa Kwembago, kwenye ofisi ya kata, mchana kweupe, na mimi nilikuwepo.

Nasemba alikuwa katibu wa kamati ya maji. Mwanamke mwembamba, mkaidi, akishika jambo haachii. Siku hizo mtandao huku milimani ulikuwa kama maji ya mgao: leo upo, kesho na keshokutwa haupo, na kuupata ni mpaka upande kilimani nyuma ya shule. Basi Nasemba alipanda na kompyuta yake mpakato, akafungua kurasa moja baada ya nyingine, akashuka nazo nyumbani akazisome taratibu. Kufunga, hafungi hata moja. Ukimwuliza anakujibu, "Maji ya mgao ukiyamwaga, utayateka wapi tena?" Msicheke, sote tulifanya hivyo.

Sasa, kila ukurasa unaoufungua huweka kichupo chake juu ya kioo, na jina lake limeandikwa pale. Vikiwa vitano unavisoma vyote. Vikiongezeka vinasukumana, majina yanakatika, mwisho unabaki na vialama vidogo kama punje za ulezi. Nasemba alikuwa navyo sabini na viwili.

Mwaka huo Bwana Kibua, mwenye shamba la kahawa, akaizungushia waya chemchemi yetu. Akasema iko ndani ya mipaka yake. Bila chemchemi ile, wanawake wa Kwembago wangeteka maji mtoni, saa nzima kushuka na ndoo tupu, na kupanda nayo imejaa msiniulize. Shauri likafika baraza la kata. Nasemba akawatuliza wenzake: alikuwa ameipata ripoti ya zamani ya wapimaji wa ardhi, ambayo chuo kimoja kiliipiga picha na kuiweka mtandaoni, na ndani yake imeandikwa kwamba chemchemi ni ya watu wote.

"Ninayo humu," akasema, akiipigapiga kompyuta. Kuichapa hakuichapa. Kuihifadhi hakuihifadhi. Kwake yeye kilicho wazi hakipotei.

Siku ya shauri ofisi ilijaa mpaka madirishani. Bwana Kibua akaeleza mipaka yake vizuri, tena kwa sauti ya upole, mshenzi yule. Kisha Mwenyekiti, Mzee Shekigenda, akamgeukia Nasemba.

"Bi Nasemba, ushahidi wako."

Akafungua kompyuta. Lo! Alikuwa hajawahi kuitafuta ripoti ile mbele za watu. Akabofya alama moja, ikatoka bei ya mbegu za viazi. Akabofya ya pili, dawa ya kideri cha kuku. Ya tatu, namna ya kupika visheti. Watu wakaanza kuguna. Akaharakisha, na vile vichupo vimebanana, akabonyeza pembeni kidogo. Kimoja kikajifunga.

Mtandao pale ofisini haukuwepo hata chembe. Kilichofungwa kimefungwa, na Nasemba hakujua amefunga kipi. Moyo ukamwambia ndiyo yenyewe, ndiyo ripoti, umewauza wenzako kwa kidole chako mwenyewe.

"Mwenyekiti," Bwana Kibua akasema, "tutakaa hapa tukifundishwa kupika visheti?"

Wengine wakacheka. Mzee Shekigenda hakucheka. Akatazama saa yake. "Nakupa dakika kumi, binti yangu. Zikiisha, natoa uamuzi kwa niliyoyasikia."

Nyuma ya Nasemba alikaa shangazi yake, Bi Mwantumu, ambaye hajagusa kompyuta maishani mwake. Alikuwa amemchungulia begani muda wote. Akashindwa kuvumilia.

"Hivi wewe Nasemba, hao wageni wako mbona umewasongamanisha wote mlangoni? Kwenye arusi tunafanya hivyo? Watu wakijazana mlangoni unaona vitambaa vya kichwa tu. Wasogeze ukutani, kila mmoja akae uso wake uonekane!"

"Shangazi, hii si arusi."

"Arusi au matanga, ukuta ni ukuta!"

Nasemba alitaka kumkemea. Ndipo akakumbuka. Kila alipobofya vibaya juu kule, ilikuwa ikitokea orodha ndogo, na mstari mmoja wake ulisema: weka vichupo pembeni. Miezi yote aliupuuza, akiona ni mapambo ya vijana. Akaubofya.

Vile vialama vyote vikahama kutoka juu, vikajipanga kushoto kwa kioo, kimoja chini ya mwenzake, kila kimoja na jina lake kamili. Nasemba akaanza kushuka na orodha kwa kidole, akisoma kwa sauti. Mbegu za viazi. Kideri. Ratiba ya mabasi. Alipofika jina la hamsini na nne, sauti ikampasuka.

"Ripoti ya Vyanzo vya Maji, Kwembago! Ipo! Jamani, ipo!"

Akaifungua, akamgeuzia Mwenyekiti kioo. Mzee Shekigenda akavaa miwani, akasoma polepole mpaka chini kabisa.

"Inasema chemchemi ni ya wanakijiji wote, isizibwe na mtu. Na hapa kuna mashahidi watatu waliotia dole gumba." Akainua macho. "Wa kwanza ni Kibua bin Shemhilu."

Bwana Kibua akasogea, akainama, akalisoma jina mwenyewe.

"Ni babu yangu," akasema.

"Na jina lake ndilo ulilopewa," Mzee Shekigenda akajibu. "Waya utolewe leo."

Mngesikia vigelegele! Tulitoka pale tukiimba, tukapitia ndoo nyumbani, na waya tuliukuta Bwana Kibua mwenyewe anaukunja. Ukurasa ule uliojifunga hatukujua ulikuwa wa nini, ila Idi iliyofuata Nasemba alipika maandazi magumu kama kokoto, na mimi nina shaka zangu. Pale chemchemini Bi Mwantumu akanywa kwa viganja, akajifuta mdomo na kanga, akaitamka methali yetu mara ya kwanza.

Sasa niambieni. Yule aliyekaa mwisho wa benchi mechi tano, amebanwa katikati ya mabegi yenu, mlikuwa mnamwitaje?

"Yule."

Na jana, kocha alipompa winga nzima peke yake, akafunga mawili?

"Hoza!"

Aa, kumbe ana jina. Aliyebanwa hana jina, mpe ukuta umjue.